Maji Matamu na Maji ya Chumvi: Ushauri kwa Anayeanza Kufuga Samaki wa Baharini Nairobi

Anayeanza kufuga samaki wa baharini hapa Nairobi huuliza kwanza bei ya samaki, ilhali kazi itakayomshughulisha kila juma ni ya maji. Maji ya mfereji, ambayo sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini, hutiwa klorini, na ya visima vya kuchimbwa mara nyingi huwa na floraidi nyingi. Hata yale tunayokunywa bila wasiwasi yanaweza kubeba fosfeti na nitrati zinazolisha mwani, au shaba kidogo kutoka mabombani, ambayo huua kamba na matumbawe.

Kwa hiyo maji husafishwa kwanza. Hupita kwenye chujio la mashapo, kisha mkaa, kisha utando wenye vitundu vidogo mno unaozuia madini, na mwisho resini, yaani chembe zinazonasa madini yaliyobaki. Mkaa hauna budi kuutangulia utando, kwa maana huondoa klorini, ambayo huuharibu utando. Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni msukumo wa maji: utando hutaka msukumo wa bari 3.5 hivi, na tangi la juu ya paa hutoa bari 1 tu kwa kila mita 10 za kimo. Mwenye kuishi ghorofa iliyo chini kidogo ya tangi atapata matone, na ni heri anunue pampu ya kuongeza msukumo kabla ya kumlaumu fundi. Maji yanayotupwa na mtambo, ambayo huzidi yale safi mara tatu au nne, yakingwe kwenye ndoo. Siku za mgao yatafaa chooni na kudekia.

Maji safi yakipimwa madini yasome sifuri. Kipimo kikianza kupanda, resini imekwisha. Yahifadhiwe kivulini, katika pipa la plastiki lenye kifuniko, lililowahi kubeba chakula. Mapipa ya mitumba nusa kwanza, na likinuka dawa, liache.

Chumvi ya mezani haifai. Hutumika ile iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya baharini. Mtungi wa lita 20 huhitaji karibu gramu 750, ingawa maelekezo ya mfuko ndiyo ya kufuatwa. Mimina chumvi katika maji, kidogo kidogo, huku pampu ikizungusha. Ukimwaga maji juu ya chumvi, kalsiamu huganda na kubaki unga mweupe usioyeyuka. Weka hita ifikishe nyuzi 25, hasa Julai, uache hadi kesho yake. Refraktomita, yaani kipimo cha chumvi kinacholinganisha uzito wa maji hayo na wa maji matamu, isome 1.025 au 1.026, nayo ihakikiwe mara kwa mara kwa kimiminika maalumu cha kupimia.

Maji yanapovukizwa, chumvi hubaki tangini. Kinachorudishwa ni maji matamu peke yake. Nililijua hilo, lakini nilikuwa na mitungi miwili iliyofanana, na kwa juma zima nikajazia tangi langu la lita 200 kutoka ule wa chumvi, takriban lita tatu kila jioni. Niligundua nilipoona samaki wakihema upesi na ukoko mweupe umetanda ukingoni. Kipimo kilisoma 1.029. Niliishusha chumvi kwa siku nne, nikitoa lita chache na kurudisha maji matamu, kwa kuwa kuishusha kwa ghafla kungewadhuru zaidi viumbe wasio na uti wa mgongo. Mtungi wa chumvi sasa una kifuniko chekundu, nao hukaa upande wa pili wa chumba.