Chai ya mbele ya kamera

Kijana akiniuliza njia ya kuingia kwenye televisheni, nami humuuliza: umewahi kuigiza setibuku, vile vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa shuleni? Wengi hukunja uso. Wanaona ni kazi ya chini, kubanana kwenye matatu na masanduku ya mavazi, asubuhi mko Machakos, alasiri Kitui, mbele ya watahiniwa wa kidato cha nne walioshika kitabu wakikufuata mstari kwa mstari. Ruka sentensi moja uone, ukumbi mzima utaguna. Huko ndiko nilikojifunza kuifikisha sauti hadi benchi la nyuma bila maikrofoni, mvua ikipiga mabati.

Sauti hiyo hiyo ikaniponza siku yangu ya kwanza kwenye seti. Nilipofungua kinywa, fundi wa sauti alivua hedifoni akasugua sikio. Mwelekezi akaniambia kwa upole, "Kaka, mke wako amekaa hapa hapa." Kisha ikaja chai. Tulikuwa mezani, nikakimaliza kikombe kizima kwa madaha. Sikujua tungerudia mara tisa, kamera ikihamishwa, na kila mara niinue kikombe kwa mkono ule ule, kwenye neno lile lile, la sivyo vipande havitaungana. Kufikia saa nane, tumbo lilikuwa mtungi. Siku hizi nagusisha midomo tu.

Basi usiache jukwaa, ila ujizoeze na simu. Isimamishe karibu na uso, useme maneno yako kama unayemwambia mtu siri, halafu ujitazame. Utashangaa nyusi zako zinavyopiga kelele.

Kuhusu pesa, nitasema bila kuzunguka. Jukwaani nililipwa kidogo, lakini jioni ile ile. Malipo ya kipindi changu cha kwanza cha televisheni niliyasubiri miezi minne. Usiache kibarua kwa sababu umeonekana mara mbili kwenye skrini. Mchekeshaji Mzee Ojwang alikuwa mtu wa kila nyumba kupitia kipindi cha televisheni cha Vitimbi, na bado mwaka 2012 Wakenya walilazimika kuchanga ili atibiwe macho. Habari ile haijanitoka.

Na mkataba usome ukiwa umekaa. Wangu wa kwanza niliusaini wima, karatasi juu ya boneti ya gari, watu wakinihimiza kwamba jua linazama. Haukuwa na neno hata moja kuhusu marudio. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamtambua mwigizaji, lakini nilikuja kuisoma baadaye, wino umeshakauka. Kipindi kile kinarudiwa mpaka leo. Juzi nilikwenda kununua maziwa, nikajikuta niko kwenye televisheni ya ukutani pale dukani, nanywa ile chai. Mwenye duka akanitazama, akaitazama skrini, akacheka kwa furaha, kisha akatia noti yangu kwenye droo bila kunirudishia chenji.