Kwa wadogo zangu mnaoingia timu ya besiboli mwaka huu

Siku ya kwanza ya mazoezi mtatafuta kiongozi kwa macho, na mtamchagua mwenye sauti kubwa na gongo jipya. Mimi pia nilimchagua huyo. Ilinichukua karibu wiki tatu kugundua kwamba timu ilikuwa inaendeshwa na mtu mwingine kabisa: mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira ya mrushaji; wa mwaka wa nne, mpole, ambaye hata unahodha hakupewa.

Alinikuta nimejikunyata mwisho wa benchi mechi ikiendelea, maana nilijua sitaingia. Akaniketisha karibu yake timu yetu ilipokuwa ikipiga, akaniuliza, "Mrushaji wao unamwonaje?" Nikasema anarusha kwa kasi. "Hilo hata wazazi jukwaani wanaliona. Mipira yake sasa inafika wapi?" Nikatazama tena. Ilikuwa imeanza kupaa, inafika kifuani wakati mwanzo ilikuwa magotini. Alikuwa amechoka. Jamaa hakunipa somo lolote zaidi ya hapo, ila kila mechi alirudia swali lile lile, nami nikaacha kukaa bure kwenye benchi.

Sasa mimi ndiye mdakaji na ndiye wa mwaka wa nne. Kati ya wachezaji tisa walioko kujilinda, ni mdakaji peke yake anayeutazama uwanja mzima kwa mbele. Wenzake wanane wote wanamtazama yeye. Ukitupa glavu chini kwa hasira, wanane wameona. Ukiinamisha kichwa, wameona pia.

Niwasimulie nilivyoharibu. Msimu uliopita tulimwingiza mrushaji mdogo, mechi yake ya kwanza na wakubwa, inningi (awamu ya mchezo) ya 6 kati ya 7, beisi zote, yaani vituo vya kukimbilia, zina wapinzani. Akarusha mipira minne mfululizo nje ya eneo la kupigia, mpigaji akapewa beisi ya kwanza bure na wapinzani wakapata pointi. Nikapanda kwenye tuta la mrushaji nikamwambia kila nilichokijua: shusha bega, ongeza hatua, kaza vidole, usitazame beisi ya tatu, vuta pumzi. Vitu vitano kwa nusu dakika. Nia yangu ilikuwa njema kabisa. Mpira uliofuata uligonga mgongo wa mpigaji.

Kutoka pale kwenye tuta hadi kwangu ni futi 60 na inchi 6, na mtu aliyeshikwa na hofu hawezi kubeba maneno mengi umbali huo. Siku hizi nikipanda nabeba neno moja, au sina neno kabisa. Namuuliza atakula nini baada ya mechi. Anacheka, anashusha mabega mwenyewe. Marekebisho ya mkono na hatua tunayafanya kesho yake mazoezini, wawili tu, bila watu.

Kuna jambo moja ambalo upole hauhusiki. Tangu 2017 vyama vya michezo ya shule katika majimbo ya Marekani vinatakiwa kuweka kikomo cha mipira anayorusha mrushaji, na kikomo hutofautiana jimbo kwa jimbo. Kocha ana hesabu yake, lakini maumivu ya kiwiko hayaandikwi popote. Mrushaji akikunong'oneza kwamba mkono unamuuma na akakuomba usiseme, sema. Atakununia. Mwache anune.

Kuhusu kupiga: mtakosa sana, zoeeni. Mwaka 1941 Ted Williams, mpigaji wa ligi kuu ya Marekani, alimaliza msimu na wastani wa .406, yaani alifanikiwa kupiga karibu mara nne kwa kila nafasi kumi, na hadi leo hakuna mchezaji wa ligi kuu aliyefikisha .400 kwa msimu mzima katika ligi zile alizocheza. Hesabuni wenyewe: huyo bingwa, katika nafasi 456, alishindwa mara 271. Kwa hiyo ukitolewa, rudi benchini ukamwambie anayefuata kupiga ulichokiona, kama mpira wa kupinda unaanzia juu au nje. Mtu aliyekosa ana habari ambayo mwenzake anaihitaji sasa hivi, kabla hajamaliza kuvaa helmeti. Ukienda kununa pembeni umeondoka na habari hiyo.

Mniulize pia. Najua mnaogopa kuonekana hamjui. Lakini mtoto wa mwaka wa kwanza ameshawahi kuniuliza kwa nini nahamisha glavu mapema kiasi kile, na hapo ndipo nilipojua kwamba wapigaji walikuwa wakiisoma kujua mpira utakuja wapi.

La mwisho ni ndoo za mipira. Timu nyingi huwabebesha wageni, na wakubwa hukaa wanaangalia. Sijawahi kuona alichojifunza mtu kwa kubebeshwa ndoo, isipokuwa hamu ya kuja kumbebesha mwingine. Kwetu tunaoondoka ndio tunaobeba, na sisi ndio tunaopiga reki tuta baada ya mechi. Ukitaka kuja kutusaidia, reki ya pili iko nyuma ya benchi, na huo ndio wakati mzuri wa kuniuliza chochote.