Ukoo wa watu 640: faili linatosha?

SWALI: Shikamoo fundi. Natengeneza programu ya kuhifadhi ukoo wetu. Kwa sasa tuna watu 640, wote kwenye faili moja la CSV (jedwali la maandishi matupu, alama ya mkato ikitenganisha safu) lenye safu za jina, baba, mama, na mume au mke. Binamu yangu aliyeko Muscat naye huongeza watu, kisha ananitumia faili. Rafiki ananicheka, anasema ukoo ni grafu, nihamie Neo4j, hifadhidata iliyotengenezwa kwa ajili ya grafu. Nihame?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako kasema kweli nusu. Ukoo ni grafu: watu ni nukta, undugu ni mistari inayoziunga. Lakini watu 640 hata simu ya bei poa inawabeba wote kwenye kumbukumbu yake, na kumtafuta babu wanayekutania watu wawili ni kazi ya mistari michache ya programu.

Mimi nimeshtushwa na safu zako. Nilipoandika ukoo wa mama yangu, safu ya baba nilijaza majina. Kumbe tuna akina Salim bin Salim watatu! Programu ikamfanya mtoto wa juzi kuwa baba wa ami yake. Halafu babu mmoja alikuwa na wake wanne. Nikaweka mke1, mke2, mke3, mke4; nikaambiwa mmoja aliachwa akarejewa. Hapo nikafunga kompyuta nikaenda kunywa kahawa.

Mpe kila mtu namba. Faili la kwanza liwe la watu: namba, jina, mwaka wa kuzaliwa. La pili liwe la undugu: "12, mzazi, 87", yaani 12 ni mzazi wa 87, na kila ndoa iwe na mstari wake na tarehe zake. Hilo la pili ndilo grafu yenyewe. Siku ukihitaji kuhama, Neo4j husoma CSV moja kwa moja.

Kinachokusumbua wewe ni binamu. Mkibadilisha faili wote wawili siku moja, atakayehifadhi mwisho anafuta kazi ya mwenzake. Weka programu mahali pamoja mtandaoni, data ikae kwenye SQLite, hifadhidata ndogo inayomruhusu mwandikaji mmoja tu kwa wakati. Tangu toleo la 3.8.3 la mwaka 2014 inaweza pia kupanda vizazi kwa swali moja, na bado ni faili moja tu, haihitaji programu ya seva ya peke yake.

Neo4j waliihitaji wanahabari wa ICIJ, muungano wa kimataifa wa wanahabari wachunguzi, walipochambua nyaraka za Panama zilizovuja kuhusu kampuni za siri, milioni 11.5, zilizotangazwa 2016: nani anamiliki kampuni ipi, kupitia nani, anwani ipi. Huko hatua hazihesabiki kwa vidole. Kwenu bado.

Anza na namba wiki hii. Mimi nilipomaliza kuzigawa, wale akina Salim watatu walikuwa wanne.