Mlango wa mto, mdomo wa mto au mlangobahari?

SWALI: Nafundisha jiografia sekondari. Katika maelezo yangu niliandika kwamba katika "mlangobahari wa Rufiji" "maji yanapwa". Mwenzangu akasahihisha kuwa "mdomo wa Rufiji", na mwanafunzi mmoja akasema kwao Kibiti wanasema "delta" tu. Nani yuko sahihi? Na maji ya pale tuyaite ya chumvi au maji baridi?

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako amekaribia kuliko nyinyi wawili, ingawa naye hajafika.

Nianze na neno lako, maana ndilo litakalompoteza msomaji. Mlangobahari ni maji membamba yaliyobanwa na nchi kavu huku na huku, yakiunganisha bahari mbili: Gibraltar, Hormuz, Bab el Mandeb. Mto hauhusiki hapo kabisa. Msomaji wa "mlangobahari wa Rufiji" ataitafuta bahari ya pili upande wa Utete, huko bara, asiione.

"Mdomo wa mto" unaeleweka, siwezi kuuita kosa. Ila mdomo wa aina hiyo unamimina tu, na kwa mto unaoishia ziwani hilo linatosha. Pwani yetu ni habari nyingine. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Bahari inaingia palepale mto unapotokea. Ndiyo maana mimi hushika "mlango wa mto": mlango hupitwa na anayetoka na anayeingia. Manahodha nao huita mlango ule mwanya wa kwenye mwamba wanamopitishia vyombo, kwa hiyo neno si geni baharini.

Delta je? Hilo ni jina la herufi ya Kigiriki yenye umbo la pembetatu, na Wagiriki waliliona umbo hilo kwenye Nile. Neno linataja ardhi: tope na mchanga ulioletwa na mto ukatuama, mto ukalazimika kugawanyika. Mlango wa mto unataja maji, yale ya mto na ya bahari yanapokutana. Rufiji ina vyote viwili. Pangani ina mlango, haina delta. Basi mwanafunzi wako ametaja nchi anayoikanyaga, nawe ulikuwa unauliza habari za maji.

Hapa kuna utamu mdogo wa sarufi. Rufiji unaingia baharini kwa njia nyingi, Simba Uranga na Kikunya zikiwamo, kwa hiyo tunasema "milango ya mto". Ukizungumzia Rufiji, Pangani, Wami na Tana kwa pamoja, sema "milango ya mito". Nimesahihisha insha nyingi ambazo wingi huo umeachwa njia panda.

Usichanganye pia na hori. Hori ni mkono wa bahari ulioingia bara, uwe na mto au usiwe nao. Mida, karibu na Watamu, hakuna mto unaoingia pale. Mikono ya bahari inayozunguka Mombasa, pamoja na Mtwapa na Kilifi, ilikuwa mabonde ya mito. Miaka kama 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini ya ilivyo leo kwa takriban mita 120, na mito ikachimba mabonde yake kwa kina. Barafu ya dunia ilipoyeyuka, maji yakapanda na kuyafunika. Kilindi cha Kilindini kilianzia huko.

Sasa maji. Ya bahari yana chumvi ya gramu 35 hivi kwa kila kilo moja. Ya mto hayafiki hata nusu gramu. Ya mlangoni yako katikati, na hayatulii: hubadilika kwa saa, kwa mwezi, kwa masika na kiangazi. Kiswahili kina njia yake ya kusema kitu kisichofikia ukamilifu, nayo ni kurudufu. Anayesema shati ni jekundujekundu hasemi kwamba limekolea. Kwa hiyo andika "maji ya chumvichumvi". Usiandike "maji ya magadi", maana magadi ni kitu kingine na mahali pake ni Ziwa Natron. Nawe ukiandika "maji baridi", hakikisha sentensi haimpeleki mtoto kwenye friji. Maji yasiyo na chumvi wazee wa pwani waliyaita "maji ya pepo", na mimi ningefurahi kuliona neno hilo likirudi vitabuni.

Jihadhari usifundishe kwamba maji yakijaa basi yote ni ya chumvi. Maji ya mto ni mepesi, hukaa juu. Ya bahari ni mazito, hupenya chini yake. Ng'ambo ya mahali chumvi inapoishia, maji ya mto yenyewe husukumwa nyuma yakapanda. Wakulima wa mpunga wa Ozi, kwenye delta ya Tana, hutegemea jambo hilo: bahari inapojaa, maji baridi ya mto huingia mashambani kwa mifereji. Mto ukipungukiwa maji huko juu, kwa mabwawa na umwagiliaji, chumvi husogea bara. Pangani wanayajua hayo.

Mikoko nayo ni ushahidi wa kiwango cha chumvi. "Mikoko" limekuwa jina la jumla, lakini mkoko wenyewe ni mmoja tu, ule wenye mizizi kama magongo. Mkandaa ni mwingine. Mchu hutoa chumvi kupitia majani yake, hata ukilamba jani utaionja. Msikundazi hukaa upande wa bara, kwenye chumvi kidogo. Kamba wadogo hukulia kwenye mikoko hiyo, kisha hurudi baharini kuzaana, kwa kupitia mlango uleule.

Mwisho, umeniandikia "maji yanapwa". Kitenzi hiki ni cha silabi moja, kama kufa na kula, kwa hiyo hubaki na ku- yake: maji yanakupwa, yamekupwa. Pwani imetokana na neno hilo hilo. Sentensi yako basi isomeke hivi: "Katika milango ya Mto Rufiji, maji ni ya chumvichumvi, na kiwango cha chumvi hupanda maji yanapojaa na kushuka yanapokupwa."