Chupa hiyo mkunga aione kwanza

Mdogo wangu, usiifungue. Umeuliza, ukiwa na ujauzito wa wiki 39, kuhusu tende, kukandwa mgongo, msindikizaji wa leba, na kipimo cha maji ya mizizi ya kuongeza uchungu uliyouziwa. Mimi naanza na mizizi, kwa sababu ndiyo iliyonifikisha kwenye chumba cha upasuaji.

Aliyeniuzia alijiita mshauri wa uzazi wa asili, mama mwenye sauti ya upole na bei isiyo na upole hata kidogo, akaniapia kwamba kitokacho ardhini hakiwezi kumdhuru mtoto. (Nyoka naye hutoka ardhini, ila siku hiyo sikulikumbuka hilo.) Nilikunywa kikombe kimoja alfajiri, na nilipoona kimya nikaongeza cha pili. Ilipofika saa nne, uchungu haukuwa ukija na kuondoka tena. Tumbo lilikaza kama ngoma iliyowambwa, nami nikajipongeza kwamba dawa inafanya kazi.

Kumbe tumbo linapolegea kati ya uchungu mmoja na mwingine ndipo mtoto anapopata damu na hewa ya kutosha kupitia kondo. Lisipolegea anakosa hewa, na mfuko wa uzazi wenyewe unaweza kupasuka. Mkunga aliniuliza mara mbili kama nilikuwa nimekunywa chochote, nami, huku mdomo ukinuka mizizi, nikajibu kwamba ni chai tu. Uongo huo naujutia kuliko hata vile vikombe, maana angeweza kunitundikia dripu ya uchungu juu ya uchungu uliokwisha kuzidi. Chupa ya uzazi ilipopasuka, maji yalitoka ya kijani, na mapigo ya moyo wa mtoto, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika, yalikuwa yameshuka hadi 90. Nikapasuliwa. Mwanangu alisaidiwa kupumua kabla hajalia. Leo ana miaka minne na amekwisha kuvunja vikombe vyangu vyote, kikiwemo kile.

Nilipompigia mshauri wangu, alisema sikuwa na imani ya kutosha, ingawa hakutaja imani hiyo hupimwa kwa vijiko vingapi. Dripu ya hospitali huhesabiwa kwa matone, na mambo yakiharibika hufungwa papo hapo. Mizizi ikishafika tumboni, nani ataifunga?

Sina ugomvi na njia za asili: msindikizaji na kutembea wakati wa uchungu vimo hata katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018. Ninachosema ni kwamba kisichojulikana na mkunga kisiingie kinywani. Kesho weka chupa hiyo mkobani pamoja na kadi ya kliniki, na umtajie mkunga kila ulichokwisha kuonja.