Pima magnesiamu kabla ya kuongeza kalsiamu

Kaka, unasema kila siku watia kalsiamu kwenye tangi lako la matumbawe lakini kipimo kimeganda kwenye miligramu 340 kwa lita, alkaliniti (wingi wa kabonati majini, hupimwa kwa digrii za dKH) imefika dKH 12, na maji ya tangi yageuka tui. Hapo hapana uchawi. Kalsiamu na kabonati zikizidi huungana zikawa chokaa, ile ile unayoikwangua kwenye pampu.

Acha kutia chochote siku mbili tatu, upime magnesiamu. Ikiwa chini ya miligramu 1,250 kwa lita, anza na hiyo, maana ndiyo inayozuia chokaa isijitenge. Kisha badilisha maji kidogo kidogo mpaka alkaliniti ishuke hadi 8 au 9. Kama wachota baharini, usichote masika karibu na mlango wa Tudor hapo Mombasa, mvua huyazimua.

Kalsiamu ipandishe polepole hadi miligramu 420 kwa lita. Matumbawe yakitumia miligramu 20 za kalsiamu kwa lita, alkaliniti nayo hushuka dKH 2.8, kwa hivyo baadaye zitie kwa uwiano huo, saa mbalimbali, penye mkondo. Na tafadhali, magadi ya maharagwe usiyatie tangini, yabaki jikoni kwa mama.