Misuli ikikuuma Urusi, usipitie Kiingereza

Vijana wetu wanaokwenda kusoma Urusi huanza na mwaka wa lugha, ule wanaouita podfak, na wengi hujifunza Kirusi kupitia Kiingereza kwa sababu ndicho kilichomo kwenye kamusi za simu zao. Darasani njia hiyo inafika. Kwa daktari inapotosha, na nimeliona hilo zaidi kwenye maumivu ya misuli, kwa neno moja la Kiingereza: sore, yaani kinachouma.

Kazi yangu ni ukalimani, na wagonjwa wengi ninaowasindikiza poliklinika ni wanafunzi. Kijana amecheza mpira baada ya kukaa miezi bila mazoezi. Kesho yake mapaja yamekaza, ngazi anashuka ubavuubavu huku kashika ukuta. Anaandika sore kwenye simu, simu inamjibu bolnoy. Anaingia kwa daktari na kusema "ya bolnoy", yaani mimi mgonjwa. Daktari anampima joto, anamwangalia koo, anamsikiliza mapafu. Mapaja hata hayaulizwi.

Ushauri wangu kwa yeyote anayejisemea au anayemfasiria mwenzake: anza na Kiswahili. Sisi hatusemi mtu ndiye mwenye hali fulani. Tunasema mguu unaniuma, na mguu ndio unaotenda. Warusi wanasema vivyo hivyo: u menya bolit noga. Ikiwa ni miguu yote, kitenzi kinabadilika kama kwetu unauma unavyokuwa inauma: bolyat nogi. Kisha kuna naumwa. Kirusi chake ni ya boleyu, na kinafanana na bolit kama naumwa inavyofanana na inauma. Mswahili tayari anaijua tofauti hii tangu utotoni. Akipitia Kiingereza anaipoteza.

Baada ya hapo uliza maumivu yenyewe yakoje, maana hapo ndipo neno la Kirusi linapopatikana. Yale ya baada ya mazoezi, yanayoanza saa kadhaa baadaye au kesho yake na kuzidi siku ya pili au ya tatu, wanamichezo wa huko wanayaita krepatura. Ni neno la jimu na uwanjani. Daktari atakuelewa ukilitumia, lakini kwenye karatasi ataandika myshechnaya bol, maumivu ya misuli, au mialgiya. Utasikia pia wengi wakilaumu asidi ya maziwa, molochnaya kislota. Hiyo huondoka mwilini muda mfupi baada ya mazoezi, kwa hiyo siyo inayokuuma siku ya pili. Kinachouma ni nyuzi za misuli zilizoumia kidogokidogo, hasa kwa kazi ambayo msuli unavutika huku umebeba uzito, kama kuteremka mlima au kuchuchumaa na vyuma.

Msuli ukibana ghafla usiku, sema nogu svelo, mguu umekakamaa. Neno la kamusi ni sudoroga, nalo ni sahihi, ila likiwa kwenye wingi bila kutaja kiungo, daktari anaweza kuelewa degedege. Taja mahali: sudoroga v ikre, kwenye shavu la mguu. Shingo iliyokaza baada ya kulala karibu na dirisha bovu ni sheyu produlo, imepigwa na upepo. Bibi zetu wanaosema baridi imemwingia wangeelewana kabisa na bibi wa Kirusi kwa hili. Maumivu yanayovuta ni tyanet, yanayochoma kama sindano ni kolet, na yale ya chinichini yasiyokoma ni noyet.

Kuna moja ninalolisisitiza kuliko mengine yote. Mwili mzima ukiuma kwa homa, viungo vyote kama vimevunjwavunjwa, Warusi wanasema lomit telo, na kitenzi hicho kinatokana na kuvunja. Daktari akilisikia wakati wa baridi atafikiria mafua makali, na mara nyingi ndiyo yenyewe. Lakini kama umerudi kutoka nyumbani wiki chache zilizopita, sema hapohapo kabla hujaulizwa: umetoka Tanzania, umetoka Kenya, na utaje malyariya. Daktari wa kule anaweza kukaa miaka bila kumwona mgonjwa wa malaria, na malaria kali haisubiri. Omba upimwe damu. Mwenzako akiona aibu kusema, msemee wewe.

Ukifasiri maandishi, tuseme cheti cha hospitali kilichoandikwa kwa Kiingereza, kuwa mwangalifu na bolezennost. Neno hili linafaa kwa maumivu anayoyasikia mgonjwa mwenyewe, na pia kwa maumivu yanayotokea daktari anapobonyeza. Kwa hayo ya pili, Warusi huongeza pri palpatsii, yaani anapobonyezwa. Usiongeze maneno hayo kama cheti hakisemi kwamba mgonjwa aliguswa, wala usiyaache kama kinasema. Na daktari wa magonjwa ya kawaida, yule utakayemwona kwanza poliklinika, anaitwa terapevt. Neno linafanana na therapist ya Kiingereza, lakini usimwambie mgonjwa kwamba anapelekwa kwa mtu wa mazoezi ya viungo au wa ushauri nasaha.

Krepatura huisha yenyewe ndani ya siku chache. Tembea polepole, oga maji ya moto, usijilazimishe kubeba vyuma. Lakini misuli ikivimba, ikikosa nguvu, na mkojo ukawa wa kahawia kama chai ya rangi baada ya mazoezi mazito, usitafute tena neno zuri. Misuli inavunjika na figo ziko hatarini. Piga 103, namba ya gari la wagonjwa, useme silno bolyat myshtsy, misuli inauma sana, na mocha tyomnaya, mkojo wa rangi iliyokoza, kisha uwape anwani ya bweni.